Fundo la Kitanda Namba Saba

Jumatatu, Machi 3

Mwanangu, pokea salamu za mama yako niliyekalia ndoo iliyopinduliwa hapa uani, daftari nimeliweka gotini. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, na mgongo huu unaujua. Baba yako hajambo, anakusalimu ingawa hajasema. Amerudi lindoni asubuhi, akaulizia chai, akanywa, akageukia ukutani. Mwanao Kidoti hajambo, anakusalimu sana. Jana kaniuliza kama huko uliko kuna ngazi. Nikasema zipo. Akaridhika, sijui kwa nini. Shangazi yako hajambo, anakusalimu, anasema ukirudi umpe mwavuli wake. Akishasema hivyo anaingia chumbani anakaa huko kwa muda, akitoka macho mekundu, eti moshi. Na paka hajambo. Kazaa tena, kwenye kapu la nguo safi za watu.

Tuko salama sote. Wasiwasi ni juu yako wewe.

Naandika humu kwa sababu ya Mama Mlezi wa hiyo nyumba uliyoingia kuacha unga. Juzi Jumamosi, ulipoingia getini bila kugeuka nyuma, mimi nilibaki pale nimeshika chuma. Akaniambia, "Mama, siku tisini hakuna simu, hakuna barua, hakuna kumwona. Ukizidiwa, andika humu. Siku ya tisini na moja utampa mwenyewe." Nikamwambia mimi niliishia darasa la tatu. Akasema, "Mungu hasahihishi mwandiko." Hakucheka. Yule mama ana moyo wa jiwe, Bwana anisamehe.

Alinisomea na kanuni zao, moja mpaka kumi na mbili, nikaweka sahihi. Kuamka alfajiri, ibada, kazi za bustani, kuungama, ibada tena. Ya nne ndiyo alinisomea mara mbili: familia ikiingiza kitu chochote kwa siri, mgonjwa anarudishwa nyumbani.

Ada yao hatuna, unajua. Mchungaji wa nyumba hiyo alipouliza nafanya kazi gani, nikasema dobi. Akasema basi, mashuka. Mko wanawake ishirini na wawili. Kila Alhamisi dereva wao ataniletea mashuka na magauni yenu ya bluu ya kazi, Jumatatu atachukua yakiwa safi. Kila kitanda kina namba, imeandikwa kwa wino kwenye pembe ya shuka na ndani ya shingo ya gauni. Wewe ni namba saba.

Alhamisi, Machi 6

Magunia mawili yamefika. Dereva ni mtu mpole, hana meno mawili ya mbele, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Kidoti kamwita Kofia na yeye kakubali.

Nililitafuta lako kabla sijamwaga maji kwenye karai. Loo, mwanangu. Mimi nimefua mashuka ya wagonjwa, ya wazazi, ya walevi. Nipe shuka nikusimulie usiku wa mtu. Lako lilikuwa limelowa jasho, likakauka, likalowa tena, mistari juu ya mistari. Matapishi upande wa kichwa. Na pembeni, pindo limetafunwa. Umeling'ata. Alama za meno nimezishika kwa kidole.

Nililifua peke yake, kwenye beseni dogo, na sabuni ya mche. Sikutaka maji yake yachanganyike na ya watu, wala sikutaka kuyamwaga.

Jumamosi, Machi 8

Mvua. Hakijakauka kitu.

Jumatatu, Machi 10

Kofia kaja kuchukua. Kapapasa shuka, kasema, "Mama, haya bado yana unyevunyevu."

"Mwambie aliye juu afunge bomba," nikamjibu.

"Mimi ni dereva tu, mama, huko juu sina njia." Akacheka na mapengo yake. Nilimuuliza hali yako. Akasema hawaruhusiwi kusema. Halafu, alipokwisha kuwasha gari, akatoa kichwa: "Namba saba kanywa supu jana." Akaondoka.

Nimeshinda na ile supu siku nzima kama nimeinywa mimi.

Alhamisi, Machi 13

Mwanangu! Fundo!

Nimefungua gunia, nikavuta shuka lako, pembe moja imefungwa fundo. Unakumbuka? Ulikuwa na miaka mitano, nikiwa nasuuza wewe unazunguka nyuma unafunga mafundo kwenye mashuka ya wateja, ili niache kazi nifungue, nikikuangalia unakimbia. Nilikuwa nakupiga kofi la makalio. Leo nimelibusu likiwa chafu.

Shangazi yako kasema, "Huenda limejifunga lenyewe humo ndani."

"Wifi, fundo la kuzungushwa mara mbili na ncha ikaingizwa ndani, linajifunga lenyewe? Kwani gunia lina vidole?"

Kalishika, kaligeuzageuza. "Hee," akasema. "Ni lake." Tukamwita Kidoti alifungue. Alitumia meno.

Katika zile kanuni kumi na mbili hakuna inayokataza fundo. Nimezipitia zote kichwani.

Jumapili, Machi 16

Kanisani wameomba wenye shuhuda wasimame. Sikusimama. Nyuma yangu alikaa yule mwalimu ambaye mashati yake saba yalipotea kwenye kamba yangu mwaka jana. Alijua yalikwenda wapi, na mimi najua, na wewe unajua. Alinisalimu vizuri tu. Bora angenitukana.

Alhamisi, Machi 20

Fundo. Jasho limepungua. Mvua imenyesha siku nne mfululizo, nguo zinanuka uvundo, nimezitundika ndani mpaka juu ya kitanda. Baba yako analala chini ya magauni ishirini na mawili ya bluu, anasema anaota yuko kwaya.

Jumanne, Machi 25

Mvua.

Alhamisi, Machi 27

Hili naliandika kama mwanamke kwa mwanamke. Fundo lilikuwepo, na katikati ya shuka damu. Damu yako ya mwezi. Mwaka na nusu hukuipata. Ulidhani umenificha, lakini mama anayekufulia humfichi kitu. Nilikuwa najua ule unga umekausha kila kitu ndani yako, nikanyamaza, maana ningesema nini? Leo mwili wako umekumbuka kazi yake.

Nikamwita shangazi yako nikamwonyesha. Akapiga kigelegele pale pale, juu ya shuka chafu. Baba yako akatoka chumbani na kaptura: "Nani kaolewa?"

"Rudi ulale," tukamwambia kwa pamoja.

Usiku huu sijaomba kwa woga. Nimeshukuru.

Jumatatu, Machi 31

Kofia kachukua. Kavu kabisa, za kunyooshwa. Jua la saa tano tu, lakini nililiwahi.

Alhamisi, Aprili 3

Hakuna fundo.

Nimeangalia pembe zote nne. Nimeangalia mashuka ya wenzako, labda limechanganyika. Nimegeuza magunia, nimeyakung'uta. Hakuna.

Nikamshika Kofia mkono kabla hajapanda gari. "Mwanangu ana nini?"

"Mama, kanuni..."

"Nakuuliza kama mtu mwenye watoto."

Akavua kofia. Ndiyo mara ya kwanza kuona kichwa chake, ana mvi. "Nasikia mifupa inamtesa. Hata kwenye ibada hakai, anasimama nyuma, anajikandakanda miguu. Lakini anavumilia, mama. Wote wanapita hapo."

Mimi nilisikia neno moja tu, mifupa. Ile arosto, maumivu ya kukosa unga, ninaijua, si ilikushikia hapa hapa, ukawa unapiga miguu ukutani mpaka plasta ikadondoka? Na sasa huna hata nguvu ya kufunga fundo.

Ijumaa, Aprili 4

Mvua. Nimefua, sijui nimefua nini.

Jumamosi, Aprili 5

Nimekwenda duka la dawa la mbali, siyo hili letu. Nikasema nataka vidonge vya mifupa, vikali.

"Vya nani, mama?"

"Vyangu." Na mgongo wangu ukanishuhudia, alivyoniona nimeinama. Hakuuliza tena. Kanipa karatasi moja ya vidonge kumi, kasema, "Hivi ni kiboko. Kimoja kimoja, usizidishe." Ndani ya boksi kuna kikaratasi kimekunjwa, maandishi kama mchanga, na siyo ya lugha yangu. Nimekitupa.

Jumapili, Aprili 6

Baada ya kanisa nimefumua pindo la gauni lako la bluu, kiasi cha vidole vinne. Nimeweka vidonge, nimeshona tena. Mshono wangu wa pindo unaujua, sindano mbili mbele moja nyuma. Ukivaa utahisi uzito kwenye goti la kushoto. Utajua ni mimi.

Nimeviombea. Niliweka mkono juu ya lile pindo nikasema, Bwana, hivi ni vya maumivu tu, mpe mwanangu alale. Shangazi yako aliingia, nikajifanya nanyoosha.

Ile kanuni ya nne niliikumbuka. Nikajiambia ile ni kwa watu wanaoingiza mambo mabaya.

Jumatatu, Aprili 7

Jua! Kofia kachukua. Nilimpa na andazi. Nimeimba nikianika nguo za wateja.

Alhamisi, Aprili 10

Gari limekuja, aliyeshuka siye Kofia. Ni kijana wa watu, hana salamu, kaangusha magunia kwenye tope.

"Kofia yuko wapi?"

"Nani?"

"Dereva. Yule mzee."

"Kasimamishwa. Wamekuta vidonge kwa mgonjwa. Na anayeingia na kutoka pale ni yeye peke yake."

Nikauliza mgonjwa gani. Hakujua, au hakutaka. Nikafungua gunia. Magauni ishirini na moja. La namba saba halimo. Shuka limo, halina fundo.

Ijumaa, Aprili 11

Sijala.

Jumamosi, Aprili 12

Mvua tangu alfajiri. Nafua naona mikono yangu ndani ya maji kama ya mtu mwingine.

Nikisema ni mimi, kanuni ya nne inakutoa, unarudi hapa, na nje ya hapa, hatua hamsini tu, kuna wale vijana wanaokaa kwenye ukuta wa kiwanda, na hawajakusahau, jana mmoja kamuuliza Kidoti mama yake atarudi lini. Nikinyamaza, Kofia anakosa kazi kwa mkono wangu. Nazunguka humo humo. Naomba, na nikimaliza kuomba niko pale pale nilipoanzia.

Jumapili, Aprili 13

Kofia kaja hapa nyumbani. Kwa miguu, na mvua ile. Nilidhani anakuja kunitukana, nikasimama nyuma ya mashuka yaliyotundikwa ili nisimwone usoni.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Nimekuja kukuambia jambo, ili usisikie kwa watu. Mimi sikumpa binti yako kitu. Miaka kumi na moja naendesha gari la nyumba ile. Mimi mwenyewe nilikuwa kitanda namba kumi na nne, upande wa wanaume, enzi hizo. Siwezi."

Nilikuwa nimeshika kibanio cha nguo, kimevunjika mkononi.

"Kwa hiyo ni yeye?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia inauliza, mwanangu, huku najua. "Ni binti yangu waliyemkuta navyo?"

"Ni yeye. Pole, mama. Hataki kusema kavipata wapi. Wamemuuliza siku tatu. Wanasema ananilinda mimi." Akacheka kidogo, kile kicheko cha mapengo. "Mwambie asinilinde. Ah, huruhusiwi kumwambia. Basi muombee."

Kidoti akamletea kiti. Kakataa, anasema atalowesha. Akaenda.

Sikusema. Ameondoka na mimi sikusema. Nimeandika hapa ili iwepo mahali.

Jumatatu, Aprili 14

Yule kijana kachukua mashuka. Sikusema.

Jumanne, Aprili 15

Nimemwambia baba yako. Nilisubiri anywe chai kwanza, kisha nikamwambia yote, fundo, mifupa, pindo, Kofia. Nilidhani atapandisha hasira. Tangu ulipochukua yale mashati hajalitaja jina lako humu ndani, nami miezi yote nilihesabu kwamba hakupendi. Alisubiri mvua ipungue. Kisha akaniuliza, "Mshono ulikuwa imara?"

"Imara."

"Basi aliufumua mwenyewe. Alijua ni wewe. Na hajakutaja." Akajifuta uso kwa kiganja. "Tangu lini yule mtoto akaweza kumficha mtu isipokuwa nafsi yake?"

Akaenda kutafuta viatu vyake vya kanisani. Vilikuwa vimeota ukungu. Akavipiga brashi mpaka vikang'aa, akaviweka mlangoni, viwili viwili, vyake na vyangu.

Jumatano, Aprili 16

Naandika polepole nisikosee.

Tumefika getini asubuhi na tope mpaka magotini. Wenzako walikuwa wanaimba ndani. Nilitega sikio nikutambue sauti, sikukutambua. Mama Mlezi alitupokea kwenye chumba chake kidogo, meza, viti viwili, msalaba wa mbao, na ndoo ya kukinga maji ya paa. Baba yako alisimama. Mimi nilikaa.

Nikasema, "Ni mimi." Nilikuwa nimejipangia maneno mengi njiani, yakabaki hayo mawili.

Hakushtuka. Aliuliza, "Vilikuwa vingapi?"

"Kumi."

Akafungua droo, akaweka mezani ile karatasi ya vidonge. Sita. Vile vinne, matundu matupu.

"Alivileta mwenyewe Jumanne ya wiki iliyopita, jioni," akasema. "Alikuja anayumba, macho yamelegea, akaviweka hapo ulipoweka mkono wako. Akasema, nimemeza vinne, niondoleeni hivi vingine. Nikamuuliza nani kakupa. Akafunga mdomo. Mama, unajua hivi ni nini?"

"Vya mifupa."

"Hivi ni ndugu wa ule unga. Damu moja. Mtu mwenye mgongo vinamsaidia. Mtu aliyeacha vinamrudisha pale pale alipotoka."

Mwanangu, mimi sikujua. Naandika tena: sikujua. Niliviombea. Niliweka mkono juu yake nikamtaja Bwana.

Nilimweleza habari ya fundo, na ile Alhamisi lilipokosekana. Hapo ndipo nilipomwona Mama Mlezi anabadilika uso. Akauliza tarehe. Nikamtajia. Akashika paji la uso.

"Siku ile maji yaliingia kwenye bustani. Niliwatoa wote asubuhi wakazibue mfereji. Mashuka nilitoa mimi mwenyewe, vitanda vyote. Yeye hakuligusa lake." Kisha akasema, chini chini, "Sikujua kuhusu hayo mafundo."

"Na mifupa?"

"Ilimuuma, kweli. Tulikuwa tunamkanda na maji ya moto. Ilikuwa imeanza kupungua."

Ilikuwa imeanza kupungua.

Nilipiga magoti, siyo kwa kuomba, nilianguka tu. Nikamwambia afukuze mimi, asikufukuze wewe. Baba yako alikuwa ameshika kofia yake ya ulinzi kifuani. Akasema, "Mama Mlezi, mimi ni mlinzi mwaka wa ishirini. Kazi yangu ni kuzuia kitu kisipite getini. Hiki kimepita, na kimetoka nyumbani kwangu. Kama kuna kitabu cha kuandika kosa, andika jina langu."

Mama Mlezi akatoka kwenda kwa mchungaji. Alikawia. Matone ya paa yalijaza ndoo nusu. Aliporudi alikuwa amevua miwani na kumbe ana macho ya mtu aliyelia sana zamani. Akatuambia hivi. Kofia anarudi kazini leo leo, na mimi nitamwomba radhi mbele yake. Magauni hayataletwa kwangu tena, mashuka tu, nayo yatakaguliwa mapindo. Wewe mwenyewe, kwa kuwa ulivileta kwa mkono wako, hufukuzwi. Lakini siku zako thelathini na tisa zimefutwa, unaanza moja.

"Kama atataka," akasema.

"Kama atataka nini?"

"Geti letu halifungwi kwa ndani, mama. Hajasema anakaa, hajasema anaondoka. Hasemi. Anakula kidogo, anakwenda bustanini, anarudi, anageukia ukutani."

Kama baba yake, nikawaza.

"Nimwone. Dakika moja. Kwa mbali."

"Hapana."

"Nipite tu dirishani, asinione."

"Hapana, mama." Akanishika mabega, mikono yake ina nguvu kama ya dobi. "Akikuona leo ataondoka na wewe. Najua, mimi nilitoka na wa kwangu." Sikuthubutu kuuliza ni nani wake na yuko wapi.

Kisha akaniuliza kama nimeandika kwenye daftari. Nikasema kila nilipozidiwa. Akasema, "Lilete. Nitalisoma kwanza. Nikiona linamfaa, nitampa sasa, siyo siku ya tisini na moja."

Kofia alikuwa ameshaitwa, yuko getini. Nilipiga magoti kwenye tope, akanivuta juu kabla sijafika chini. "Mama, mama, utalichafua gauni na mvua hii, utalikausha wapi?"

Alhamisi, Aprili 17

Kofia kaleta. Shuka la namba saba limo, chafu, kwa hiyo ulikuwepo mpaka leo asubuhi. Halina fundo. Halina jasho, halina chozi, halina damu. Limelaliwa upande mmoja tu, kwenye ukingo, kama mtu anayengoja kuamka aende. Mashuka ya watu nayasoma yote. Hili limenishinda.

Jumamosi, Aprili 19

Mvua. Wale vijana wa ukutani wamejikinga kwenye kibaraza chetu. Shangazi yako kawamwagia maji ya buluu ya kufulia.

Jumatatu, Aprili 21

Asubuhi. Mashuka nimeshayafunga, namngoja Kofia. Daftari hili nitaliweka juu ya gunia, wazi, mtu yeyote aone.

Mama Mlezi, najua unaanza kusoma wewe. Pole kwa mwandiko. Pale mwanzo nilipokuita moyo wa jiwe sikupafuta, maana siku ile ndivyo nilivyokuona.

Mwanangu, sasa ni wewe. Sina la kukushauri. Nilikushauri kwa sindano na uzi na ona nilichokufanyia. Kama una hasira na mimi, ni haki yako, kaa nayo huko huko. Kama una aibu kwa vile vinne, vitupie kwangu, mimi ndiye niliyevishona. Baba yako ametaja jina lako jana mezani. Kalitaja mara mbili. Anasema ukija, mlango utakuwa wazi, haulizwi mtu. Kisha akasema, lakini asije.

Na mimi nasema hivyo hivyo. Usije, mwanangu. Nimekaa na neno hili tangu alfajiri, mama kumwambia mtoto wake asije nyumbani. Usije. Anza moja.

Siwezi kukuona, siwezi kukukanda miguu, siwezi kukuletea hata maji. Kitu pekee kitakachotoka kwako kufika kwangu ni shuka. Baba yako hajambo, anakusalimu, safari hii kasema mwenyewe. Shangazi yako hajambo, anasema mwavuli kaa nao. Kidoti hajambo. Kila Alhamisi anakaa mlangoni na meno yake tayari.

Nakuomba jibu, na nakuomba upesi. Gunia linafungwa Alhamisi asubuhi. Kabla halijafungwa, funga pembe ya shuka. Mara mbili, ncha ndani. Mikono ikikosa nguvu, mara moja inatosha. Usilikung'ute, usilisuuze. Nitumie hivyo hivyo likiwa chafu.